Chaguo la Kwanza

Mshonaji alikuwa akishona pindo la sketi ndani ya treni, masikio yake yakiwa kwenye kiti cha mbele. Pale binti alikuwa akijaza maombi ya chuo kwenye simu. Mama yake anataka sheria, yeye anataka historia, na mwisho wa kutuma ni kesho.

“Shangazi, wewe ulisomea nini?” binti akamuuliza mwanamke wa pembeni yake, abiria mwenzake.

“Historia.”

“Kwa hiyo unafundisha?”

“Wapi! Niko bima. Mtu akidai gari limeibwa, namhoji alikuwa wapi, na nani. Historia ileile, mwanangu, ila waongo wake wako hai.”

Binti akacheka. “Kamwambie mama hivyo.”

“Kwani yeye ndiye atakayekwenda kazini?”

“Ndiye atakayelipa ada.”

Mwanamke akageukia dirishani. Treni ikasimama. Binti akazima simu, chaguo la kwanza likiwa bado tupu. Mshonaji naye akachomeka sindano katikati ya pindo, amalizie kesho.