Mstari wa Rozalia

Siku ile kijiweni Mafinga walikuwepo Mrisho muuza kahawa, Zabron fundi cherehani aliyeitwa Uzi, Kalinga mpakia mbao aliyeitwa Injinia ingawa hajawahi kushika hata spana, na Goodness, katibu wa akina mama wanaootesha miche ya paini, mwanawe mgongoni. Jumamosi kulikuwa na mkutano, na Goodness alikuwa akichora grafu ya miche kwenye kompyuta ya ofisini, kila mwanachama na mstari wake. Mmoja wao, Rozalia, hajui kusoma. Mwaka jana alishangilia mstari wa mwenzake, watu wakacheka, naye akacheka nao huku macho yamemjaa machozi. Safari hii Goodness alitaka kumpa rangi anayoipenda, damu ya mzee. Programu ilikuwa na rangi zaidi ya mia, kila moja na jina la Kizungu, nyekundu zenyewe hazihesabiki. Akachapa ukurasa wote wa rangi aje amuulize Uzi, mjuzi wa rangi za nyuzi.

Wakaikodolea karatasi. Vijumba vyote vya rangi vilikuwa vya kijivu.

UZI: Damu ya mzee ni hii.

INJINIA: Hiyo si umesema kijani?

UZI: Kijani ni jirani yake.

GOODNESS: Kaka zangu, kwenye kioo cha kompyuta zilikuwa zinawaka. Nikaandika “damu ya mzee”, ikagoma.

INJINIA: Isigome? Imemjua mzee gani wa huku?

MRISHO: Ni baridi hii, rangi imeganda. Dada, kikombe chako nimekisogeza, mtoto asikivute.

INJINIA: Basi tuipashe kwenye jiko lako.

MRISHO: Kaipashe kwenu.

UZI: Imejificha nyuma. Geuzeni.

Nyuma kulikuwa kweupe.

INJINIA: Mnaona? Rangi imehamia kwenye jina. Ukilisoma kwa sauti, inapanda.

GOODNESS: Haya, soma.

INJINIA: Nimesahau miwani.

UZI: Wewe una miwani tangu lini?

Rozalia akatokea na ndoo ya mboji. Akaitikia shikamoo zao, akamfunika mtoto blanketi lililoteleza, ndipo akaichungulia karatasi.

ROZALIA: Hii mmechapa wapi?

GOODNESS: Steshenari ya stendi, mama.

ROZALIA: Na ile ya mkutano mtachapa wapi?

Goodness akamtazama Uzi. Uzi akamtazama Injinia. Injinia akatazama kahawa yake. Printa ya stendi ina wino mweusi tu, na mjini hapo hawakujua nyingine.

Jumamosi mistari kumi na mmoja ilikuwa myeusi. Wa kumi na mbili Uzi aliupitisha kwenye cherehani, kwa uzi wa damu ya mzee.