Kinyozi Hajinyoi: Kikombe cha Kumuaga Bi Mvuke

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni, Msanifu Mkuu wa vikombe vyetu vya kuhifadhi joto anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda miaka ishirini na tisa. Kwenye mafaili ana jina refu la heshima. Hapa kwetu, kuanzia getini hadi stoo, tunamwita Bi Mvuke, naye anaitika, mradi umwite ukiwa mbali kidogo.

Idara ya Utumishi imeagiza wasifu huu uwe mfupi, uwe wa furaha, na usitaje jambo lolote ambalo kiwanda kiliwahi kukosea. Mwandishi atajitahidi katika yale mawili ya kwanza.

Bi Mvuke aliajiriwa enzi zile vikombe vyetu vilikuwa na rangi moja tu, ya kijivu, na mteja akivipanga mezani sebule inafanana na gereji. Yeye ndiye aliyetuletea maua, ndege, mistari ya kanga na yule samaki wa bluu ambaye hadi leo ndiye anayetulipa mishahara. Meneja wa Masoko wa wakati ule alimwomba aongeze mvuke unaopanda juu ya kila picha, ili mnunuzi ajue kikombe ni cha vinywaji vya moto. Bi Mvuke alimjibu mbele ya wageni kwamba kikombe chenye kuta mbili na kifuniko hakitoi mvuke, kikitoa kimevuja, na kama nia ni kutangaza vikombe vinavyovuja basi tuandike kabisa kwa herufi kubwa. Jina alilipata siku hiyo hiyo. Mvuke haukuchorwa tena.

Jambo la pili asilolivumilia ni penseli mkononi mwa mtu mwingine. Ulikuwa ukikaa naye mezani, ukianza tu kuchora jani, mkono wake unashuka kutoka juu na kukupokonya, kama mama anavyomnyang'anya mtoto kisu. Hakugombezi wala hakutazami. Anamalizia jani lako, linatoka zuri kupita kiasi, na wewe unabaki unachezea vidole. Wasaidizi wote waliopelekwa kwake waliishia idara ya upakiaji, ndiyo maana wapakiaji wetu wana vipaji ambavyo maboksi hayavihitaji. Mwandishi ni mmoja wao. Alidumu mpaka siku alipochora mvuke kidogo kwenye kona, akidhani hautaonekana.

Haiwezekani kueleza utumishi wake bila kutaja Kikombe cha Uso, ingawa tumeombwa tusikitaje. Mkurugenzi aliyemtangulia huyu wa sasa (wa sasa tunamsifu kwa moyo wote, na ndiye atakayeidhinisha ukurasa huu) alikwenda safarini akakuta vikombe vya ajabu: vyeusi tii, lakini ukitia chai, ule weusi unayeyuka kwa joto na picha iliyo chini yake inatokea. Akarudi na makopo ya rangi hiyo na wazo lake. Kwenye sherehe ya kiwanda kila mgeni angepewa kikombe cheusi, angemiminiwa chai, na taratibu angejitokeza Mkurugenzi mwenyewe akitabasamu.

Bi Mvuke alimwambia haitawezekana. Alimweleza kwamba kazi ya kikombe chetu ni kuzuia joto lisitoke nje, na rangi iko nje. Sasa hilo joto litaifikia kwa njia gani, kwa barua? Mkurugenzi akamjibu kwamba kazi ya mchoraji ni kuchora. Haya. Akachora, na kwa kuwa hajui kuchora vibaya, uso ukatoka mzuri kuliko wenyewe.

Siku ya sherehe chai ikamiminwa. Wageni wakakodoa macho. Mkurugenzi akatoa hotuba, akairefusha, akaanza kumshukuru mtu mmoja mmoja, na vikombe vikabaki vyeusi kama vilivyokuja. Chai nayo haikupoa. Mgeni rasmi, alipochoka kusubiri, alipiga funda moja kubwa na akashindwa kusoma hotuba yake, kwa sababu ulimi ulikuwa umeungua. Kwa mara ya kwanza katika historia, kiwanda kilifedheheka kwa sababu bidhaa yake ilifanya kazi sawasawa.

Vilivyobaki vikarundikwa uani juani vikisubiri kupelekwa stoo. Adhuhuri wapakuzi wa mizigo waliporudi kutoka kula, walikuta mamia ya Wakurugenzi wanawatabasamia. Wawili walivua kofia. Mmoja alianza kujieleza kwa nini amechelewa. Na hata vilipoingizwa ndani havikutulia: mtunza stoo, mama mtu mzima na mcha Mungu, alikibeba kimoja kwa viganja viwili akipiga soga, akahisi anatazamwa, kuangalia chini, kumbe bosi yuko katikati ya vidole vyake! Yowe lile tulilisikia hadi upakiaji. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba rangi ile chai haiiwezi, lakini mkono unaiweza.

Lakini kazi ya Bi Mvuke tunayoipenda kuliko zote haijawahi kuuzwa dukani. Ni desturi yetu kwamba anayestaafu anaagwa kwa kikombe kimoja alichochorewa yeye peke yake, na aliyevichora vyote ni Bi Mvuke. Mlinzi wa getini alichorewa kiti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Mpishi wa kantini alichorewa kidole chake kikichungulia sufuria. Mhasibu aliyebeba mwavuli kiangazi na masika alichorewa mwavuli huo ukiwa umefunguliwa ndani ya ofisi, na yeye chini yake anapiga hesabu. Walicheka, halafu wakalia, halafu wakauliza alijuaje. Alijua kwa kutuangalia. Mtu mkali namna ile, kumbe muda wote alikuwa anatuangalia.

Sasa basi, zamu yake imefika, na kinyozi hajinyoi. Ikaundwa kamati. Kamati ikaongozwa na Meneja wa Masoko, na baada ya vikao ambavyo vitafunwa vyake vilikuwa vizuri, ikatoa mchoro: nembo ya kiwanda, chini yake "Joto Lako, Ahadi Yetu", chini yake namba ya simu ya oda za jumla. Mjumbe mmoja alishauri jina la mstaafu liwepo. Nafasi haikutosha.

Siri kiwandani haina kufuli. Fundi wa mashine ya chapa alimnong'oneza Bi Mvuke, naye wiki iliyopita, wakati wa chai, akasimama katikati ya kantini na bilauri yake ya kioo. (Hajawahi kunywa kwenye vikombe vyetu, anasema hana subira ya kungoja chai ipoe hadi jioni.) Akasema hataki saa ya ukutani, hataki seti ya sahani, hataki hotuba. Amemchorea kila aliyetoka kwenye geti lile, na yeye hataondoka amebeba tangazo. Kama katika miaka yote hii hakuna hata mmoja aliyewahi kumwangalia, basi apewe kikombe kitupu, angalau hicho kitakuwa kinasema kweli. Akaweka bilauri mezani, chai haijaguswa, akatoka.

Jamani! Meneja wa Masoko alishika sambusa hewani asijue aipeleke wapi. Tuliona aibu, na tuliona huruma, na zaidi ya yote tuliona tatizo: tungemchorea nini, na nani amchoree, wakati kiwanda kizima hakuna aliyeachiwa penseli hadi mwisho wa mstari?

Wapakiaji ndio waliojitolea, wale wale wasaidizi wake wa zamani. Tulikutana nyuma ya maboksi baada ya kazi. Suala la kuchora nini halikuchukua muda hata kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na picha ile ile kichwani, na amekuwa nayo tangu siku alipohamishwa. Suala la nani achore ndilo lililotaka kuleta ugomvi. Aliyeanza alinyang'anywa penseli kabla hajamaliza kidole gumba. Aliyemnyang'anya naye akanyang'anywa. Tulipogundua tunafanya nini tulicheka mpaka tukakaa chini, halafu tukaendelea hivyo hivyo, maana hatukufundishwa namna nyingine.

Mtunza stoo akatutolea kopo la mwisho la ile rangi nyeusi, huku akigeuza uso pembeni asilitazame, na tukalipaka lote juu ya mchoro. Kamati imearifiwa kwamba mashine ya chapa imeharibika. Fundi amethibitisha, na amesema itapona Jumatatu.

Hatutasema hapa kimechorwa nini. Tunachoweza kukiri ni kwamba vidole vimetokea sita, penseli imepinda kidogo, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ile atautambua mkono huo hata gizani. Kwenye kona kuna mvuke. Ni kidogo tu.

Bi Mvuke, dada yetu, mama yetu, na kwa baadhi yetu mtu aliyetuharibia ajira na kutufundisha kazi: ahsante. Ahsante kwa maua, kwa samaki wa bluu, na kwa kutuangalia tulipodhani unatupuuza. Nenda kapumzike, chai yako ipoe unapotaka ipoe, na wajukuu wakuachie meza kubwa karibu na dirisha. Afya njema na siku nyingi, na Mungu awape subira majirani.

Leo utakabidhiwa kikombe cheusi, hakina neno wala ua, na tunajua uso utakaoukunja. Usikitupe, na usikitilie chai. Haitasaidia kitu, ulishatuambia. Kishike kwa viganja vyote viwili, usubiri. Penseli zote tumezificha.