Aliyetumwa Kuusemea Mfereji

Mbele ya lango la boma la Arusha, ng'ambo ya njia ya vumbi, palikuwa na gogo lililobaki siku Wajerumani walipomaliza kujenga, na hapo ndipo watu wasio na haraka walipokuja kunywa kahawa ya Hatibu. Palikuwa karibu na lango kiasi kwamba ukipiga chafya, askari wa zamu anaweza kukuombea afya. Hatibu alipika kwa maji ya mfereji uliopita nyuma ya jiko lake, ule unaotoka mto Themi na kunywesha migomba yote ya chini. Asubuhi hiyo alikuwa na kisirani tangu alipowasha makaa. Jana mtu wa akida alipigilia vigingi kuukatiza mfereji, kwa kuwa njia inanyooshwa ili motokaa ya bwana mkubwa ipite, na mfereji utafukiwa. Jioni wenye migomba walikutana wakaafikiana kuomba jambo dogo tu: yalazwe magogo, motokaa ipite juu na maji yapite chini. Kwa kuwa leo ni siku ya mashauri, na watu wa gogoni ndio walio puani pa boma, wao ndio walioachiwa kazi ya kwenda kusema. Kengele ya adhuhuri ikilia, mashauri hufungwa mpaka wiki ijayo, na majembe yanaanza.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na wajumbe wote watatu walikuwa bado wamekaa.

Wa kwanza alikuwa Jamaldini, mchuuzi wa nguo, waliyemwita Methali kwa sababu hakosi methali, ila hazipati mahali pake. Wa pili Lemburis, aliyeitwa Ombasha kana kwamba aliwahi kuwa na cheo jeshini, ingawa kazi yake bomani ilikuwa kuogesha nyumbu. Wa tatu Lesikar, mwenye migomba, ambaye kila jambo kwake ni la kesho, na Kesho ndilo jina alilopewa.

— Hiyo motokaa yenyewe haipo, alisema Methali. Ni porojo za makarani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa hiyo halipo.

Hatibu alimwambia kwamba methali hiyo inasema kinyume kabisa. Methali akamjibu kuwa inategemea umeishika kwa upande gani, kisha akanyoosha kikombe kiongezwe.

— Ipo, alisema Ombasha. Mimi nilikuwa Moshi ilipovuliwa turubai. Tatizo lake haijui kupinda. Nyumbu anapinda kwa sababu ana shingo. Ile haina shingo. Ndiyo maana njia lazima inyooke, mfereji usiwe mfereji.

— Sasa itarudije kwao? aliuliza Kesho.

— Hairudi. Inakwenda mbele tu mpaka ifike mwisho wa nchi. Huko wananunua nyingine.

Kesho alisikitika sana kusikia hivyo. Kwa maoni yake, kama Wazungu wangekuwa na akili wangebaki na baiskeli, kama ile ya padri anayepanda nayo mlimani. Baiskeli haiombi njia mpya, unaitandikia ubao mmoja inavuka mfereji bila kumwamsha chura. Ombasha akapinga, akisema msimu wa mvua alimwona padri huyo kwenye utelezi, na siku hiyo baiskeli ndiyo iliyompanda padri. Alikuwa ameibeba begani, matope mpaka ndevuni.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Methali.

— Mkuu gani tena hapo? Hatibu aliuliza, na mara akajilaumu kwa kuuliza, kwani Methali alianza kueleza, na maelezo yake yakala nusu ya asubuhi. Hatibu alilitazama lango. Watu wa mashauri walikuwa wakiingia na kutoka. Mama mmoja wa Tengeru aliingia na kesi ya mbuzi, akatoka na mbuzi.

— Kunyweni mwende, alisema.

— Tunakwenda, alisema Kesho. Lakini mtu haendi kusema jambo asilolijua. Kwanza tujue motokaa ni kitu gani.

Hapo Ombasha akasogea katikati ya gogo, akateremsha sauti. Alisema wanaojua siasa za boma wanajua kuwa motokaa haikuletwa kubeba mtu. Imeletwa kwa ajili ya kodi. Mbele ina taa mbili kubwa, na zile si taa, ni macho. Inapita njiani, jicho la kulia linahesabu nyumba za kulia, la kushoto za kushoto, na ikifika bomani inatema hesabu yote.

— Kodi ya leo inatembea kwa miguu, alisema. Akida akija, unamwona kwa mbali, unaingia migombani. Ikishapata magurudumu, utaingia wapi?

Hata Hatibu alilikubali hilo kimoyomoyo, maana mwisho wake ulikuwa na ukweli. Lakini Kesho akadakia kwamba basi dawa ni kujenga nyumba nyuma ya nyumba, ili jicho lione moja tu. Methali akasema heri kuifuga motokaa tangu ikiwa ndogo, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Wafungwa wa mnyororo walitoka langoni na majembe begani, wakapanda kuufuata mfereji. Hakuna aliyegeuka ila Hatibu, na uvumilivu ukamwishia.

— Nyinyi mlitumwa, alisema. Magogo juu, maji chini. Maneno manne. Mtoto anaweza kuyasema. Ombasha, wewe unawajua, nenda.

Ombasha alisema amekula chumvi ya boma, na aliyekula chumvi hashtaki jikoni. Methali alisema yeye ni mgeni hapa, hana hata mgomba, na mgeni njoo mwenyeji apone, kwa hiyo mwenyeji aende. Wote wakamtazama Kesho.

— Kwetu kila rika lina laigwanan, alisema Kesho polepole. Ndiye msemaji. Mtu hasimami akasema kabla yake. Laigwanan wetu amechukuliwa kazi ya njia, hajarudi. Nikisema mimi, nimesema kwa rika gani? Rika la kahawa?

Akazungusha kikombe mkononi, halafu akasema lililokuwa ndani ya wote.

— Na Meitamei alikwenda bomani kuwasemea ng'ombe wake bila kuitwa. Mlimwona alivyorudi. Viboko hamsa ishirini. Mpaka leo analala kifudifudi.

Hatibu alichochea makaa. Yeye mwenyewe hakwenda kwa sababu dele la kahawa likiwa motoni haliachwi, na sababu hiyo aliiona ya kweli, si kama zao. Alikuwa bado anaifikiria kengele ilipolia.

Haukupita muda akaja Nosim, mwenye migomba ya chini kabisa, na kibuyu kitupu mgongoni. Kesho akamwamkia kwa Kimaa, takwenya, naye akaitika iko, akawaamkia wengine kwa heshima zote. Hakuwa na hasira. Alisema maji yamesimama, machipukizi aliyopanda juzi yatalegea kabla ya jioni, na kina mama wenzake wamemtuma aulize neno moja tu.

— Yule aliyekwenda kuusemea mfereji, amejibiwaje?

Ombasha alikohoa. Kesho akatazama miguu yake. Methali, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitafuta methali akaikosa. Nosim alisubiri, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, mpaka akaelewa mwenyewe. Akakikaza kibuyu mgongoni, akashuka alikotoka.

Hatibu alitikisa dele lake, likasikika tupu. Akaenda nyuma ya jiko kuchota, akakuta tope linalong'aa na chura ameketi katikati. Alirudi akaanza kufunika vikombe, kimoja kimoja.

— Unafunga mapema, alisema Methali.

— Sifungi. Maji hakuna.

Macho yao yote yalikuwa langoni. Askari wa zamu alikuwa akilifunga pale pale, hatua chache mbele yao, na komeo lake lilisikika mpaka gogoni.

— Ndiyo maana mimi nasema baiskeli, alisema Kesho. Tungekuwa nayo moja tu, tungewahi.