Bi Mkasi na Titi la Kulia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, fundi mkuu wa chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, Bi Mkasi, alifunika cherehani yake na kustaafu. Mashuka, mapazia na magauni ya wagonjwa yaliyopita mikononi mwake hayana idadi, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu, isipokuwa kila Ijumaa.

Jina hilo alipewa kwa kejeli, maana hakuna anayechukia kukata kama yeye. Kitambaa hukipima, hukibana kwa pini, kisha hukiacha mezani kilale. Pazia la mganga mkuu liliwahi kulala siku nne, naye mganga akafanya kazi akitazamwa na barabara nzima. Alipolalamika, alijibiwa kwa heshima zote kwamba kitambaa kikishakatwa hakina rufaa.

Mwaka huu zamu ya kupimwa ikawa yake. Uvimbe ulionekana kwenye titi la kushoto, na vipimo vikaonyesha kwamba ni saratani, na kwamba hatari yake ameirithi kwa mama yake, aliyeugua titi moja, akapona, kisha akaugua la pili. La kushoto halikuwa na mjadala. Swali lilikuwa la kulia, ambalo ni zima.

Sisi wenzake, kwa hekima ya watu wasioumwa, tulipiga kura wakati wa chai. "Yote yaondolewe" ilishinda kwa kura mbili, moja ikiwa ya dereva aliyefuata mashuka tu.

"Asanteni, wanangu," akasema Bi Mkasi. "Na kidonda nacho tutagawana?"

Daktari wa upasuaji hakupamba maneno. Kuondoa yote kungepunguza sana uwezekano wa ugonjwa kuanza upande wa pili, ingawa kusingeumaliza, wala kusingetibu zaidi ule wa kushoto. Kungemwachia vidonda viwili, wiki kadhaa za mikono isiyoinuka, na pengine kifua chenye ganzi maisha yote. Au aliache la kulia, apimwe kila mwaka, na kila mwaka angoje majibu roho mkononi.

Mdogo wake, aliyeondolewa yote zamani, naye hakumrahisishia. "Dada, usingizi ninao. Ila juzi chai ilinimwagikia kifuani, nikajua kwa kuiona kwenye blauzi."

Wiki tatu Bi Mkasi aliliacha swali mezani lilale. Kisha, akitunga uzi kwenye sindano, akatangaza: yote mawili. Yeye alimuuguza mama yake mara mbili, na hataki binti yake aje kurudia kazi hiyo.

Upasuaji ni katikati ya mwezi huu. Mpaka siku hiyo ameomba asitembelewe. Binti yake ametuibia siri: kutwa nzima mjukuu wa miezi mitano analala kifuani mwa bibi yake, na hata mama mtu akitaka kumnyonyesha, ni mpaka abembeleze.

Asante, Bi Mkasi, kwa kazi yako na kwa kutuvumilia. Tunakuombea mkono mwepesi wa daktari, kidonda kinachofunga upesi, na miaka mingi ya usingizi usio na hofu. Zawadi yako tunayo. Tutaileta mtoto akiamka.