Wasifu wa Marehemu Alvin Dale Tedrow, Aliyevaa Glavu Kabla ya Kuuza

Marehemu Alvin Dale Tedrow alizaliwa tarehe 9 Machi 1966 mjini Circleville, Ohio, mtoto wa kwanza wa hayati mzee Wendell Tedrow na mama Nadine, ambaye tunaye hapa leo. Baba yake aliendesha foklifti katika ghala la vyakula. Mama yake alipika katika shule ya msingi. Alvin alibatizwa katika kanisa hili, na leo amelala mbele ya madhabahu ile ile.

Familia imeomba wasifu huu usomwe wote, bila kurukwa neno. Jina la marehemu lilichafuliwa mbele ya watu, na miaka yake ya mwisho hakuweza kulitetea. Msimu wa mapukutiko uliopita mama Nadine alitoka ibadani akiwa na huzuni, akamuuliza binti yake, Lenore, ambaye ndiye anayesoma maneno haya: "Hivi ni kweli Alvin aliuza kitu ambacho hakukijaribu, mtu akaumia?" Mama wa miaka themanini na moja hapaswi kubaki na swali hilo moyoni. Leo atajibiwa, na aliyelisababisha swali hilo amealikwa na kuwekewa kiti.

Alvin alianza kuuza akiwa na miaka tisa. Wakati wa mavuno baba alimweka kando ya barabara na meza ya maboga. Mteja akisimamisha gari, Alvin alilichukua boga na kuligeuza upande ulioliwa na wadudu kabla mteja hajauliza. Mama alimwona kutoka dirishani, akatoka mbio na aproni yake.

"Wewe mtoto, mbona unawaonyesha ubovu? Utatulaza njaa!"

"Si watauona wakifika nyumbani, mama? Afadhali wauone nikiwa bado hapa."

Maboga yaliisha siku ile.

Alimaliza sekondari mjini Circleville mwaka 1984, kisha akapata stashahada ya biashara huko Columbus mwaka 1986. Hakuwa wa kwanza darasani. Mwalimu wake wa hesabu aliwahi kumwandikia mzazi kwamba Alvin anapata majibu sahihi lakini anachelewa, kwa sababu hasadiki jibu mpaka alirudie.

Alianza kazi kwa kupakia malori katika ghala moja huko Groveport, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Mwaka 1998 alihamia upande wa kuuza programu za kompyuta zinazoendesha maghala: zile zinazomwambia mfanyakazi aende rafu ipi, achukue katoni ipi, aipeleke lori lipi. Mwaka 2009 aliajiriwa katika kampuni ya Bwana Preston Ackley. Aliuza vizuri, ila kwa namna yake. Wauzaji wenzake walikuwa wanaonyesha programu kwenye chumba cha mikutano, kwa kutumia ghala la kubuni ambalo ndani yake hakuna katoni iliyochanika wala lebo iliyolowa. Alvin aliomba kwanza aingie ghalani, ashinde zamu moja nyuma ya wachukuaji, wale wanaokusanya katoni rafuni, akisukuma mkokoteni na tai yake imetupwa begani. Wafanyakazi walimtania.

"Jamani, huyu mtu wa tai kapotea njia. Ofisi iko kule, mzee!"

"Ofisi nimeshaiona," alijibu. "Haina hata rafu moja."

Tarehe 13 Juni 1992 alifunga ndoa na Colleen Brandt katika kanisa hili. Walijaliwa watoto wawili, Hollis na Meredith. Alikuwa mume mwaminifu, baba mvumilivu, na mpishi mbaya. Kila Jumamosi aliwapikia watoto chapati za maji za kula na shira, zikaungua upande mmoja, na kila mara aliziweka sahanini upande ulioungua ukiwa juu. Meredith alipougua kisukari akiwa mdogo, Alvin alijifunza kumdunga insulini kwa kujidunga mwenyewe kwanza, kwa maji ya chumvi, ili ajue inauma kiasi gani.

Sasa yafuata yale yaliyomletea mama Nadine swali lake.

Mwaka 2017 Alvin alipewa mteja mkubwa, ghala la vyakula vilivyogandishwa huko Groveport. Alishinda humo zamu nzima kama kawaida yake, kwenye baridi inayogandisha kope. Akagundua jambo ambalo ofisini hakuna aliyelifikiria. Programu ya Bwana Ackley ilimtaka mfanyakazi aguse vitufe vidogo kwenye kioo cha kisomaji chake, kile kifaa cha mkononi cha kusomea lebo, na vitufe hivyo vilitengenezwa na watu waliokaa penye joto, mikono mitupu. Mwenye glavu nene za barafu hawezi kuvigusa. Itambidi avue glavu kwa kila katoni.

Siku ya maonyesho, mbele ya viongozi na wafanyakazi wa ghala, Alvin alivaa glavu hizo na kujaribu programu aliyokuja kuiuza. Akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kioo kikafungua ukurasa mwingine kabisa.

Bwana Ackley alikuwepo. Akacheka, akamwambia mbele ya wote, "Alvin, wewe unatuuzia au unatuvunjia biashara?"

"Nauza, bosi. Ila hii haijawa tayari kwa watu hawa. Turekebishe vitufe, tuiwashe mwezi wa tatu, pilikapilika zikiisha."

Yolanda Prewitt, mchukuaji wa ghala hilo, alikuwa amesimama karibu na mlango. Anakumbuka jinsi alivyomwambia mwenzake, "Mtu wa kwanza mwenye tai kusema kweli humu ndani. Huyu tumpe kazi." Tangu siku hiyo walimwita Bwana Glavu.

Wote mnaofanya kazi maghalani mnajua kwamba hakuna mwenye akili anayewasha mfumo mpya Novemba, wiki za Sikukuu ya Shukrani, wakati kila mtu katika nchi hii anataka bata mzinga wake afike. Bwana Ackley alitaka mauzo hayo yaingie kwenye hesabu za mwaka ule. Alimpita Alvin, akawaahidi wenye ghala kwamba vitufe vitakuwa vimerekebishwa, akapata sahihi yao. Vitufe havikurekebishwa. Mfumo ukawashwa wiki moja kabla ya sikukuu. Wafanyakazi walivua glavu, wakabonyeza, wakavaa, wakavua, huku msimamizi akiwapigia kelele kwamba malori yanasubiri. Mwisho wakaacha kuzivaa. Baridi iliviua vidole viwili vya mkono wa kulia wa Yolanda Prewitt, na daktari akavikata.

Wenye ghala walipouliza, Bwana Ackley aliwajibu, "Muuzaji wetu alituambia kila kitu kimejaribiwa." Alvin aliachishwa kazi kabla ya Krismasi. Ili familia yake ibaki na bima ya afya ya kampuni kwa muda, na Meredith asikose insulini, ilimbidi akubali masharti ya kutoizungumzia kampuni milele. Alitimiza ahadi hiyo hadi kufa, kama alivyotimiza ahadi zake zote. Alifungwa mdomo yeye. Dada yake hakufungwa.

Wala haikutosha kumfukuza. Kila mwaka, Bwana Ackley alipowafundisha wauzaji wapya, aliwasimulia kisa cha mtu mmoja aliyeuza bila kujaribu. Akamtaja kwa jina. "Usije ukawa Alvin," aliwaambia, na ukumbi ukacheka. Msemo huo ulienea katika biashara yote ya programu za maghala hapa Ohio. Alvin alipoomba kazi kwingine, hakujibiwa. Mmoja wa vijana waliofundishwa hivyo anasali kanisa hili. Alikisimulia kama utani kwenye meza ya kahawa baada ya ibada, bila kujua kwamba mama wa Alvin ameketi nyuma yake.

Mama, hili ndilo jibu lako. Alvin alijaribu. Alijaribu kwa mikono yake, mbele ya mashahidi, na alikataa kuuza. Mtu mwingine aliuza.

Tangu mwaka 2018 marehemu alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi huko Lancaster. Hakulalamika. Yolanda alikwenda huko mara nyingi kununua vitu ambavyo hakuvihitaji. Julai mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Columbus, na tunawashukuru wauguzi wote. Hatusemi kwamba Bwana Ackley ndiye aliyemletea saratani. Familia hii haisingizii mtu. Tunasema tu kwamba alimwachia mgonjwa aibu isiyokuwa yake, na miezi yote ile hakuja kuichukua. Alvin alifariki tarehe 2 Februari 2023 nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Colleen.

Jana, watu walipokuja kumtazama marehemu, Bwana Ackley alifika na shada kubwa la maua lenye jina la kampuni.

"Pole sana, Lenore," alisema. "Alvin alikuwa kama ndugu yangu."

"Ndugu yupi, Bwana Ackley? Yule unayewasimulia vijana?"

"Ah, ule ni utani wa kazini tu. Unajua watu wa mauzo tulivyo."

"Basi njoo uuseme kesho kanisani. Mama yangu naye apate kucheka."

Akasema, "Mimi ni mmoja wa wabeba jeneza. Jina langu limo kwenye ratiba."

"Lilikuwamo," Lenore alimjibu. Ratiba mliyoishika imechapishwa upya usiku huo huo. Shada la maua lipo nje, kwenye theluji. Yeyote anayelitaka alichukue.

Wapo watakaosema kanisani si mahali pa maneno haya. Waulizwe, basi, mahali pake ni wapi. Alivunjiwa heshima mbele ya watu, na mbele ya watu atarudishiwa.

Marehemu ameacha mama yake Nadine, mjane wake Colleen, watoto wawili Hollis na Meredith, mjukuu mmoja Wendell, na dada yake Lenore. Baada ya maziko mnakaribishwa katika chumba cha chini ya kanisa kwa mikate yenye nyama ya nguruwe na viazi vya jibini vilivyopikwa na kina mama.

Jeneza litabebwa na watu sita wa ghala la Groveport. Kwa ombi la familia wamevaa glavu zao za barafu. Nafasi ya mbele, iliyokuwa ya Bwana Ackley, amepewa Yolanda Prewitt. Glavu yake ya kulia ina vidole viwili vitupu. Bwana Ackley, kiti chako ni cha mwanzo wa safu ya nne, kando ya njia, na jeneza litapita karibu sana nawe. Usiangalie chini.

Alvin Dale Tedrow apumzike kwa amani, jina lake likiwa safi kama alivyolipokea hapa siku ya ubatizo. Aliyelichafua asipumzike, mpaka alisafishe kwa mdomo ule ule, kwenye ukumbi ule ule walimomcheka.