Viroboto-Maji wa Wifi Yangu

Mheshimiwa Waziri wa Maji, Mheshimiwa Mbunge wetu, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji, waheshimiwa wataalamu, wenye kiwanda, ndugu wakulima, wafugaji wenzangu wa samaki, na wewe mume wangu uliyejificha mstari wa nyuma: nawasalimu nyote kwa furaha ambayo, kusema kweli, nimeshindwa kuificha tangu asubuhi.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wafugaji kabla utepe wa maabara hii haujakatwa. Nitamzungumzia mtu mmoja tu, mtaalamu wa viumbe wa majini, ambaye pia ni dada wa mume wangu. Najua yanayosemwa kuhusu mawifi, na mengine ni kweli. Leo lakini nimekuja kumsifu, na wala hajanihonga.

Mnakumbuka hali ya mabwawa yetu? Vifaranga vya samaki havikufa. Laiti vingekufa, tungejua tunapambana na nini. Vilidumaa. Tulikuwa tunavilisha viroboto-maji, wale wadudu wadogo kama chembe ya chumvi wanaorukaruka majini, na wao nao wakawa haba kila kukicha. Tukatazama kule mto unakotoka. Upande huu kiwanda cha mbao, kinachotumia dawa ya kuzuia ukungu. Upande ule mashamba ya mboga, yanayopuliziwa dawa ya wadudu. Mkutano ukaitishwa. Meneja wa kiwanda akaja na vipimo: dawa yake iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Mwenyekiti wa wakulima naye akaja na vyake: chini ya kiwango. Vijana wetu wakaanza kunong'ona habari ya kufunga barabara ya malori ya kiwanda, ilhali madereva wa malori hayo ni watoto tuliowalea wenyewe. Sasa nani alikuwa anatudanganya?

Wifi yangu akasimama. "Hakuna anayedanganya," akasema. "Nawaamini wote wawili. Ila mto hauna kuta. Samaki hapati dawa moja Jumatatu na nyingine Jumanne."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza, kwa sababu mume wangu ni fundi mitambo wa kiwanda hicho hicho. Mchana ule, mezani kwetu, akamuuliza dada yake, "Kwa hiyo unataka nifukuzwe kazi?"

"Nataka wewe ubaki na kazi, na mkeo abaki na samaki," akajibu. "Hebu nisogezee chumvi."

Ndipo akaanza. Viroboto wengine akawaweka kwenye maji safi, wengine kwenye maji yenye dawa ya kiwanda, wengine kwenye yenye dawa ya shamba, na kundi la mwisho akalichanganyia zote mbili, kwa kipimo kile kile kilichoruhusiwa. Kisha akatuita, mimi na meneja, tutazame kwenye hadubini. Kiroboto-maji, ndugu zangu, ana mwili angavu kama kioo. Unauona hata moyo wake ukidunda. Wale wa dawa moja moja walikuwa wamechoka kidogo tu. Lakini wa mchanganyiko? Moyo mbio, vitone vya mafuta mwilini vimekwisha, mfuko wa mayai mtupu.

Meneja alitazama kwa muda mrefu. "Mbona chakula wanapata?" akauliza.

"Wanapata, lakini nguvu yote inaishia kupambana na sumu. Ya kukua haibaki, ya kuzaa haibaki," wifi akasema. "Dawa yako haimuui. Inamfunga mikono tu, mwili wake usiweze kuivunja sumu nyingine. Ya jirani yako ndiyo inayompiga."

"Na nikimfungua mikono?"

"Atajitetea mwenyewe."

Mheshimiwa Waziri, meneja yule angeweza kuchukua kofia yake na kuondoka. Sheria ilikuwa upande wake. Badala yake alijenga matangi ya kuzuia maji ya dawa yasifike mtoni, na aliyechomelea mabomba yake ni mume wangu, akilalamika mwanzo hadi mwisho kwamba dada yake anampa kazi. Wakulima nao wakaacha kupulizia kando ya mto, wakapanda majani pale ya kuchuja maji ya shamba. Je, kuna aliyeshindwa katika ugomvi huo? Mimi simwoni.

Wiki iliyopita wifi alinipigia simu. "Njoo," akasema, akakata. Nilikimbia na kandambili. Chini ya hadubini, katika maji yaliyochotwa mtoni, alikuwapo kiroboto-maji mmoja, na mgongoni mwake mayai yamejaa, yakiwa na vidoti vyeusi vya macho ya watoto. Tulikumbatiana, sisi mawifi wawili, mpaka msaidizi wake akaona aibu akatoka nje.

Kuanzia leo, katika maabara hii, maji yatapimwa yakiwa na kila kilichomo ndani yake, kwa pamoja. Wifi, tumekushukuru kwa midomo. Vifaranga vyangu vinakushukuru kwa kunenepa. Nanyi nyote mliotulia mkanisikiliza mpaka hapa, asanteni sana. Mheshimiwa, mkasi ni huu.