Harufu ya Petroli Njiani Kwenda Doldol

Wapendwa, Mungu aliyetutoa Nyeri na kutufikisha Doldol tukiwa wazima apokee sifa zote! Nasimama mbele yenu nikiwa na furaha kubwa, na aibu kidogo.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kama kijana aliyetoka chuoni na cheti cha umakanika, akajitolea kuitunza vani kuukuu ya kanisa letu. Niliamini, na bado naamini, kwamba kazi ya mikono ifanywayo kwa uaminifu ni ibada. Lakini uaminifu huo niliuhubiri zaidi kuliko nilivyouishi.

Pampu ya mafuta ilipoharibika, nilishusha tangi, nikatia pampu mpya, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilirudisha hata ule mpira wa zamani unaoziba mdomo wa tangi juu, ambao nilifundishwa kuubadilisha kila tangi linapofunguliwa. Niliutazama, nikauona bado mzima. Vani ikawaka mara moja! Jumapili ile mliizunguka, mkaiwekea mikono, mkaiombea safari ya injili. Mchungaji akanisimamisha, mkanipigia makofi.

Kumbe nilikuwa nimeijaribu ikiwa na petroli kidogo tu. Siku ya safari tulijaza tangi hadi juu, petroli ikaufikia ule mpira. Kabla hatujapita Kiganjo nilisikia harufu, nami nikajua papo hapo. Lakini ningesemaje kwamba gari mliloliombea lina kasoro? Nilijiambia kwamba huko ni kuikana imani ya kanisa zima. Ukweli ni kwamba niliogopa kuyapoteza yale makofi. Dada mmoja alipouliza, nilimjibu kuwa ni jerikeni ya petroli ya jenereta. Nilidanganya, wapendwa, na ndani tulikuwa watu kumi na wanne!

Karibu na Nanyuki tulisimama kando ya barabara ili akina mama wachemshe chai. Cucu Nyaguthii, bibi mzee anayewaongoza, aliweka jiko hatua tatu tu kutoka kwenye vani, akatoa kibiriti. Nikainama kutazama chini ya tangi. Petroli ilikuwa inadondoka kwenye nyasi!

"Cucu, usiwashe!" nilipiga kelele. "Vani inavuja. Ni makosa yangu, na nimejua tangu Kiganjo."

Cucu akakirudisha kibiriti mfukoni polepole.

"Ati tangu Kiganjo? Na mimi nimekaa juu ya hiyo tangi nikiimba ati niko tayari kwenda mbinguni! Kijana yangu, mbinguni nitaenda, lakini leo sijabeba nguo."

Watu walicheka mpaka Mchungaji akajishika tumbo. Kisha akaniwekea mkono begani, akasema, "Sisi tuliomba, lakini macho ya kuangalia tulikuachia wewe."

Maneno hayo yalinifungua, ndugu zangu! Jiko lilihamishwa mbali kabisa. Nilipanda bodaboda hadi Nanyuki, nikanunua mpira mpya. Tulipunguza petroli, tukashusha tangi palepale, nikafunga upya. Halafu nikajaza tena hadi juu, nikalala chali chini yake nikitazama kwa muda mrefu. Hakuna hata tone! Jioni ile tulihubiri Doldol, na watu wakampokea Bwana.

Ametuokoa na moto, halleluya! Nami ameniokoa na hofu ya kuonekana nimekosea, ambayo ilikaribia kutuua sote. Ewe ndugu, ewe dada, ikiwa kuna kosa unalolificha kwa sababu watu wamekwisha kukusifu, mtegemee Bwana ulitaje leo. Mimi nilidhani nikisema nitaachwa peke yangu kando ya barabara. Badala yake nililala pale mavumbini, na watu kumi na watatu wakanizunguka, wengine wakinishikia spana, wengine wakiniimbia.